Mama Hifadhi na kompyuta isiyo na kuta

Saa nne na robo asubuhi. Katika kibanda cha uchapaji, Mama Hifadhi ameondoa mikono yote miwili kwenye kibodi, kama mtu aliyeguswa na umeme.

Katikati ya skrini kimetokea kiboksi cha kijivu: programu ya picha imefanya kosa. Aifunge, au apuuze?

"Puuza basi, dada!" anasema mkunga mwanafunzi aliyesimama nyuma yake. "Saa sita chuo kinafunga kupokea ripoti. Nisipowasilisha, narudia mwaka mzima."

"Subiri kwanza, mama. Usinitie presha."

Ripoti ya mkunga ina kurasa arobaini na sita. Tano za mwisho hazijahifadhiwa. Kosa ni la Mama Hifadhi mwenyewe, naye analijua: alifungua picha ya mizani ya watoto bila kuhifadhi kwanza, yeye aliyepewa jina hilo kwa kuwaimbia wateja "hifadhi, hifadhi" kutwa nzima.

Kompyuta hiyo nzee ndiyo inayomlisha yeye na wanawe wawili. Kwa siku huchapa kurasa ishirini, zikizidi sana thelathini. Shemeji yake, fundi wa kompyuta, alishamweleza: "Humu programu zote zinalala chumba kimoja, hakuna kuta. Moja ikichanganyikiwa, inaandika ovyo kwenye kumbukumbu ya mwenzake. Wewe unaona maandishi mazima, kumbe ndani yameshaoza."

Aliyaelewa maneno hayo kwa uchungu. Miaka miwili iliyopita alibonyeza "puuza", akaendelea kuchapa, kisha akahifadhi juu ya faili lililokuwa zima. Kazi ya mwalimu mmoja, ya miezi minne, ikageuka alama tupu.

"Hakunitukana," anakumbuka. "Alikaa tu hapo kwenye benchi. Afadhali angenitukana."

Safari hii anaifunga programu ya picha. Anahifadhi ripoti kwa jina jipya, bila kuligusa faili la mwanzo, kisha anazima kompyuta na kuiwasha upya. Inachukua dakika sita. Mkunga anazunguka kibandani, mikono kiunoni.

Faili jipya linafunguka. Kuanzia ukurasa wa thelathini hadi mwisho ni viboksi na alama za kuuliza.

"Mungu wangu," mkunga ananong'ona.

La mwanzo linafunguka. Kurasa arobaini na moja, safi.

Mama Hifadhi anashusha pumzi. "Haya, chukua karatasi zako unisomee hizo tano. Taratibu. Si ndiwe unayewaambia wenzio wasukume?"

"Huwa nawaambia wapumue pia."

"Basi tupumue wote."

Kila aya, anahifadhi. Saa sita kasoro dakika nane mkunga anatoka mbio, ripoti iliyochapwa kifuani, miwani ameisahau mezani.

Mama Hifadhi anaiweka miwani hiyo kando ya kibodi. Anajinyima, anasema, apate kompyuta ambayo kila programu ina kuta zake.

"Kuanguka zitaanguka tu. Ila moja ikianguka, ianguke peke yake, isizoe jasho la mtu."

Kisha analihifadhi tena faili la mkunga, ingawa ripoti imeshaondoka.