Ilimba ya Baba na Blanketi la Ukutani

Chumba changu cha kurekodia kilianza kama mahali pa kuwekea nguo. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili Chang'ombe, Dodoma mjini. Kimoja nililala na kuandika humo. Cha pili kilikuwa kidogo kiasi kwamba nikinyoosha mikono vidole viligusa kuta zote mbili. Kikundi chetu cha waandishi vijana kilikuwa na desturi ya kusomeana hadithi kila Jumamosi, na mwenzetu mmoja alipohamia mkoa mwingine akaomba tuwe tunamtumia sauti. Nilimrekodia sura nzima kwa simu. Akajibu: "Hadithi nzuri sana, ila huyu dada wa hadithi anaishi ndani ya mashine ya kusaga?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukuta wangu wa nyuma ulipakana na mashine ya kusaga mtama na mahindi, na iliunguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa nimeizoea hata sikuisikia tena. Simu iliisikia.

Basi nikatoa nguo zote chumbani. Niligongomea trei za mayai ukutani kwa sababu nilikuwa nimeziona kwenye studio moja ya mtaani, na hazikusaidia kitu zaidi ya kukusanya vumbi. Nikazing'oa. Nikatundika mablanketi matatu mazito, mawili ya kahawia na moja la kijivu ambalo nilitoka nalo nyumbani Kongwa nilipoanza sekondari. Hayo yalisaidia. Ukipiga makofi humo ndani, sauti ilikufa hapo hapo, kama jiwe lililoangukia kwenye unga. Nikanunua maiki iliyokwisha kutumika na kile kiboksi cha kuiunganisha na kompyuta, ambacho mafundi wanakiita saundi kadi. Stendi nilienda kuichomelesha Kizota.

"Stendi ya nini, dada?" fundi aliuliza, bado miwani myeusi iko usoni.

"Ya maiki."

"Wewe ni mchungaji?"

"Hapana. Naandika hadithi."

Akapandisha miwani juu ya paji la uso ili anione vizuri. "Hadithi si zinaandikwa? Sasa maiki ya kazi gani? Au wasomaji wako hawajui kusoma?"

Vijana wake wakacheka, nami nikacheka. Alinitengenezea stendi kutokana na bomba la kitanda kikuukuu, nzito kama mzigo wa kuni, na mpaka leo haijawahi kuanguka.

Nilikuwa bado najifunza, nikisoma maelekezo huku nikibonyeza, wakati baba alipopiga simu kutoka Kongwa. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimekufa ganzi tangu mavuno ya alizeti, na cha kushoto kilianza kufuata. Alikuja mjini na mfuko mmoja wa nguo na ilimba yake imefungwa kwenye kitenge. Hospitalini walisema kuna mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, na watampasua Jumatatu. Nilikuwepo daktari alipomweleza.

"Mzee, kidole kitashika kijiko. Kitashika jembe. Hilo nakuhakikishia."

"Na ilimba?" baba akauliza.

Daktari hakuwa mtu wa kwetu. Baba akamwonyesha hewani, vidole gumba viwili vikikimbizana juu ya ubao usiokuwepo. Daktari aliviangalia. "Hilo siwezi kuahidi," akasema.

Ilimba ni marimba yetu sisi Wagogo, kisanduku cha mbao chenye vyuma vingi vyembamba juu yake, na chakula chake ni vidole gumba. Nilipokuwa mdogo, mama akienda kisimani mchana wa jua kali, baba alikaa kwenye kigoda mlangoni na kunipigia wimbo mmoja ili nilale. Daima ule mmoja. Naujua mwanzo wake kama ninavyojua njia ya kwetu. Najua pale unapopinda, najua pale vyuma vya chini vinapoitikia vya juu. Mwisho wake siujui, kwa sababu sikuwahi kuufikia nikiwa macho. Katika riwaya yangu ya kwanza nilimweka mzee anayepiga wimbo huo, nikaubunia mwisho. Baba alisomewa sura ile na mdogo wangu. Akasema tu, "Ameandika vizuri."

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na chumba chenye mablanketi, nilikuwa na maiki, na nilikuwa na siku tatu za vidole vya baba.

"Baba, ule wimbo unaishia wapi?" nilimuuliza jioni ile.

"Unaishia unapoishia, mama." Baba huniita mama, nilirithi jina la mama yake. "Wewe washa mashine zako."

Tukajaribu kipande kidogo. Nilipovaa hedifoni na kusikiliza nilikata tamaa. Nyuma ya kila sauti kulikuwa na mlio mwingine, mkwaruzo mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti. Nilidhani ni waya. Nikabadilisha waya. Nikazima taa, nikachomoa friji, nikaenda kusimama ukutani nikisikiliza kama ni mashine ya kusaga. Nyuki aliendelea.

Ijumaa baba alikwenda hospitali kupimwa damu. Nami, nikiwa na uhakika kwamba adui yangu ni vumbi la Dodoma, nilisafisha. Nilifagia dari, nikafuta kuta za vyumba vyote viwili kwa kitambaa kibichi, nikapangusa saundi kadi kwa brashi ya rangi. Mwisho nikaifungua ilimba kutoka kwenye kitenge. Utotoni hatukuruhusiwa kuigusa, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuona upande unaomtazama mpigaji. Nilipoigeuza nikakuta kitundu, na juu ya kitundu uchafu mweupe, wa mviringo kama kifungo cha shati, umegandamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Nikaukwangua kwa kucha. Nikafuta na pembeni yake pakang'aa.

Baba alirudi, akanywa uji, akaichukua ilimba. Alipiga vyuma vitatu. Akasita. Akapiga tena kimoja, akakisikiliza mpaka kikaisha. Kisha akaigeuza na kutazama kwenye kitundu kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama ndani ya kikombe alichodhani kina chai.

"Umeipangusa," akasema.

"Ilikuwa na uchafu, baba."

"Ule ni utando wa buibui wa ukutani. Pale anapofunikia mayai yake." Hakupandisha sauti. "Ndio unaoipa ilimba sauti. Bila huo ni vyuma tu."

Nikamwelewa taratibu, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyotamani sakafu ipasuke. Yule nyuki niliyemwinda siku mbili ndiye aliyekuwa akinilaza utotoni.

"Tutafute mwingine," nikasema.

"Tafuta ukutani."

Tukatazamana. Kuta zangu zilikuwa hazijawahi kuwa safi namna ile tangu nyumba ijengwe. Baba akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mabega yote, mpaka akalazimika kuiweka ilimba chini.

Jumamosi nilipiga hodi nyumba kwa nyumba. Fundi viatu aliniruhusu nitazame nyuma ya rafu zake na sikupata kitu. Mwenye mashine ya kusaga alisema kuta zake zinatikisika mno, buibui wenye akili walishahama. Nilimwacha mwenye nyumba wangu awe wa mwisho kwa sababu nilimwogopa. Ni mama wa mjini, ukoo wao uko Dodoma tangu enzi za misafara, na ua wake anaufagia mara mbili kabla ya swala ya adhuhuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona una vumbi hivyo kichwani?"

"Nimezunguka majumba ya watu. Naomba nitazame nyuma ya makabati yako."

"Kuna nini? Panya?"

"Natafuta buibui."

Aliweka ungo chini. "Kwangu? Umekaa kwangu mwaka wa tatu huu, siku moja umeona buibui kwangu? Nani kakutuma, yule jirani?"

"Hakuna aliyenituma, mama. Ni kwa ajili ya baba." Nikamweleza yote: kitundu, kucha yangu, Jumatatu. Alinisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Yaani umeikwangua kwa kucha?"

"Kwa kucha, mama."

"Na umesoma mpaka chuo kikuu."

"Ndiyo, mama."

Akavuta pumzi. "Babu yangu alikuwa na rafiki Mgogo, akija hapa na hicho kidude tunaacha kula." Akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo. "Stoo, nyuma ya magunia ya karanga. Sijafagia humo tangu mfungo. Na ukitoka nje usiseme umepata kwangu."

Nilipata vifuniko viwili vya mayai ya buibui, vyeupe, vimebandikwa ukutani kama hirizi. Nilivibandua kwa wembe huku nimezuia pumzi. Baba alikata kijiti cha mnyaa uani, akachovya utomvu wake mweupe kwa ncha ya njiti, akazungushia kitundu. "Usiguse macho," akaniambia, kama nina miaka mitano. Kidole chake chenye ganzi kilibonyeza mno. Utando wa kwanza ulichanika. Wa pili akanipa mimi niubandike, naye akaniongoza kwa maneno tu: kushoto kidogo, usibonyeze, upulizie. Tuliuacha ukauke usiku kucha.

Jumapili kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa ile mashine ya kusaga. Iliunguruma asubuhi, ikaunguruma mchana. Baba alikaa kwenye kigoda ndani ya chumba changu, ilimba mapajani, akifungua na kufumba viganja ili vidole visilale. Nami nilikaa kwenye mkeka karibu na kompyuta. Saa nane na kitu umeme ukakatika mtaa mzima.

Sijui kama nitaweza kueleza ukimya ule. Mashine ilishuka, ikashuka zaidi, ikazima. Redio ya kinyozi ikakatika katikati ya neno. Bati juu yetu lilikuwa limeshamaliza kulialia kwa joto. Mahali fulani kuku alikohoa. Kompyuta ilikuwa imejaa chaji, na taa ndogo ya saundi kadi ikaendelea kuwaka.

"Sasa, baba," nikanong'ona.

Akaanza. Nyuki alikuwemo, na safari hii nilimpokea kama mgeni niliyemkosea. Kwenye kioo cha kompyuta mistari ya sauti ilipanda na kushuka kama vilima vya njia ya kwetu. Ulipinda pale ninapopajua. Vyuma vya chini vikaitikia. Kisha tukapita mahali ambapo kumbukumbu yangu huishia, nikashika magoti yangu, nikasubiri mwisho.

Haukuja. Wimbo ulizunguka ukarudi, ukazunguka tena. Kidole cha kulia kilianza kukosea. Kilipiga chuma cha jirani, kikajisahihisha, kikakosea tena. Niliona jasho juu ya mdomo wa baba. Nikamwashiria kwa mkono kwamba inatosha. Hakuacha. Alikuwa haangalii vyuma. Alikuwa ananitazama mimi usoni, kwa subira ile ile, na hapo ndipo nilipojua wimbo ule unasubiri nini.

Nikajilaza kwenye mkeka na kufumba macho.

Nilikusudia kujifanya tu, dakika moja, ili vidole vyake vipumzike. Lakini nilikuwa nimetembea mtaa mzima, na siku tatu sikuwa nimelala vizuri, na kulikuwa na jua la mchana nje na baba yangu kwenye kigoda. Nilipofumbua macho umeme ulikuwa umerudi, mashine inaunguruma, baba yuko uani anazungumza na mwenye nyumba habari za karanga, nami nimefunikwa blanketi la kijivu.

Niliusikia mwisho wa wimbo Jumatatu, kwenye benchi la hospitali, nikiwa na rekodi kwenye simu na hedifoni masikioni, baba yuko ndani anapasuliwa. Jana yake nililala mimi, kompyuta ikabaki macho. Nilisikia vyuma vikipungua. Kidole cha kulia kikanyamaza kwanza, cha kushoto kikaendelea peke yake, kikiacha nafasi kubwa zaidi kila mara, kama mtu anayerudi nyuma kuelekea mlangoni bila kugeuka. Kikapiga mara ya mwisho, na yule nyuki akazima baadaye kidogo kuliko chuma. Kisha kigoda kikalia. Kisha kitambaa kizito kikiteremshwa kutoka kwenye misumari, na kuanzia hapo chumba chote kikabadilika sauti, kikawa na mwangwi, kwa sababu blanketi lilikuwa halipo tena ukutani. Lilikuwa juu yangu. Na ndani ya mwangwi ule baba akasema kwa Kigogo, taratibu, kama anayemwambia mtu aliyetoka kisimani na ndoo kichwani:

"Amelala."

Maelekezo niliyosoma yanasema ukate ukimya unaobaki mwishoni. Mimi sijaukata. Ndani yake kuna pumzi zangu, na kuna baba anayepuliza kidole chake ili kipoe, kwa muda mrefu, mpaka mashine ya kusaga inapowaka. Nilipofika hapo muuguzi alikuwa bado hajatoka. Nikarudisha mwanzo.