Meza Mbili na Matofali ya Mpunga

Mwaka huu wazazi wangu walihamia shamba mapema. Mtaani kwetu hilo halimshangazi mtu. Mvua za kwanza zikishagusa ardhi, nyumba nyingi hapa Ifakara zinabaki na wanafunzi na kuku, wakubwa wanakwenda kulala mashambani mpaka mpunga uvunwe. Shamba letu liko upande wa Mofu. Mama aliniachia unga, dagaa, bata wake, na maneno yale yale ya kila msimu: funga mlango mapema, usimkaribishe mtu ndani, ukiumwa nenda kwa mama jirani.

Misimu mingine tulikuwa tunabaki wawili, mimi na dada yangu. Tulilala kitanda kimoja kilichobanwa ukutani. Yeye alilala upande wa ukuta, kwa hiyo akitaka kutoka ilibidi anivuke, na kila akinivuka alinikanyaga makusudi, halafu anasema, "Samahani mheshimiwa." Alipata kazi mgahawani huko Kidatu, wanakokula wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Huu ulikuwa msimu wangu wa kwanza kubaki peke yangu.

Mimi si muongeaji. Darasani mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo lakini sauti inagoma kutoka. Nyumbani angalau nilikuwa naongea na dada. Alipoondoka niligundua kwamba naweza kutoka shule Ijumaa na kurudi shule Jumatatu bila kuongea na mtu yeyote, ukiacha "shikamoo" kwa mama jirani na "ondoka hapo" kwa bata.

Siku moja dada alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake sahani zilikuwa zinagongana na mtu anapiga kelele za chai. Alisema, "Mdogo wangu, mwezi wa sita nikipata ruhusa nakuja kuchukua tranka langu. Usije ukalifungua, nakujua." Akacheka, ikaisha.

Niliusikiliza tena na tena nikitafuta kitu kingine ndani yake. Hakusema anakuja kutusalimia. Hakusema anakuja kupumzika. Alisema anakuja kuchukua tranka. Ndani ya lile tranka mlikuwa na kila kitu chake kilichobaki nyumbani, hata sketi zake za shule. Likiondoka, ndiyo basi, chumba kinakuwa changu peke yangu, na mimi sikukitaka.

Ndipo nikaamua kukitengeneza chumba. Hesabu yangu ilikuwa ya kitoto na sioni haya kuiandika: dada akikuta chumba kizuri, na akakuta ana sehemu yake ya kuweka vitu, ataacha angalau vichache. Mtu akiacha vitu mahali, anarudi.

Nilianza na kuta. Nilichanganya chokaa na unga wa rangi ya bluu, nikapaka mwenyewe, mpaka nywele zikawa za bluu. Nikashona pazia kwa kanga ya zamani ya mama. Halafu nikakisogeza kitanda kutoka ukutani mpaka katikati, pande zote mbili zikabaki na njia. Sasa hakuna wa kumvuka mwenzake. Kilichobaki kilikuwa meza ndogo mbili za pembeni, kulia yangu, kushoto yake, kila moja na droo.

Mama nilimwomba kwa simu niuze bata. Mtandao wa shambani unakatika-katika, alisikia nusu tu, akasema, "Uza, ila jike la madoa uache." Hivyo nikapata hela, ila si nyingi.

Jumamosi nilizunguka madukani. Kwanza niliingia duka linalouza vitu vya kutoka Dar. Vimeza vyao vilikuwa vyeupe, vinang'aa, vina vishikio vya dhahabu kama hereni. Nilivipenda mpaka nikaona aibu. Nikapitisha kidole chini ya kimoja, kona ilikuwa imeanza kumumunyuka kama biskuti iliyoingia kwenye chai. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Kwa unyevu wa kwetu, masika moja tu na imekuwa uji. Muuzaji akasema, "Dada, chukua, hii inakwenda na hadhi yako." Nikaangalia ndala zangu, nikatoka.

Duka la pili lilikuwa na stuli za plastiki. Rahisi, imara, lakini hazina droo. Stuli haiwezi kumbakiza mtu. Mwingine alikuwa anauza meza zilizokwishatumika, akaniambia nichukue moja nzuri ya mninga kwa bei hiyo hiyo ya mbili mbovu. Hapo nilisimama kwa muda mrefu sana. Ile meza ilikuwa nzuri kweli, nzito, droo yake inateleza bila sauti. Kama ningekuwa natafuta meza tu, ningeichukua. Lakini moja maana yake ni mtu mmoja. Nikamwambia ahsante, akasema, "Mabinti wa siku hizi, mnashika kila kitu hamnunui kitu."

Nikaishia kwa mafundi seremala. Nilimchagua mmoja kwa sababu alikuwa peke yake, sikupenda kuongea mbele ya kundi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nilimweleza: meza mbili, zina droo, mbao ya mtiki ile ya bei ya chini yenye michirizi myeupe, haijalishi.

"Urefu gani?" akauliza.

"Zilingane na kitanda."

"Basi nitapita kwenu nipime. Nyumbani kuna nani?"

Nyumbani hakukuwa na mtu. Nikakumbuka maneno ya mama kuhusu kukaribisha watu, na hata kama mama asingesema, ningekufa kwa aibu fundi kuingia chumbani kwangu. Nikamwambia nitapima mwenyewe.

Nilirudi na kamba. Niliishusha kuanzia juu ya godoro mpaka sakafuni, nikafunga fundo, nikampelekea. Fundi akainyoosha, akaiangalia, akaniangalia na mimi.

"Kirefu hivi? Huko kwenu mnapanda kitandani kwa ngazi?"

Ningeweza kusema kitu. Nikatikisa kichwa tu kwamba ndiyo, kirefu.

Ukweli ni kwamba kitanda kilikuwa juu ya matofali. Masika mto Lumemo ukijaa, maji yanaingia mitaani, na mengine yanaingia ndani bila kubisha hodi, kwa hiyo kila nyumba inavipandisha vitanda, kila mguu unasimama juu ya matofali mawili. Nimelala juu ya matofali kila masika tangu nazaliwa. Hata nilipokisogeza kitanda niliyahamisha nacho, mguu kwa mguu, bila kuyafikiria, na nilipopima sikuyaona. Kwangu yalikuwa miguu ya kitanda.

Meza zilikuja kwa baiskeli, zimefungwa kwa mpira, kila moja safari yake. Na zilikaa vizuri, jamani. Juu ya meza na juu ya godoro vilikuwa sawasawa, unaweza kusukuma kitabu kutoka kwenye godoro mpaka mezani bila kukiinua. Wakati wa mvua nilikuwa nimefuma vitambaa viwili vya uzi mweupe vyenye maua pembeni. Nikavitandika. Droo ya kulia nikaweka daftari hili, kalamu na mafuta ya mgando. Ya kushoto sikuweka kitu. Nilikuwa naifungua tu na kuifunga, kuhakikisha haigomi.

Mwezi wa sita ukaingia, maji yakakauka. Wenzangu wengi waliwafuata wazazi wao shamba kwenye mavuno. Sisi wa kidato cha nne tulibaki kwa masomo ya ziada. Baba akapiga simu: gunia za kwanza zinakuja na trekta ya jirani, toa matofali vitandani upange stoo. Hiyo ndiyo kawaida ya nyumbani, matofali ni yale yale. Masika yanabeba vitanda, mavuno yanabeba mpunga usiguse sakafu.

Mama jirani alikuja kunisaidia. Yeye aliinua, mimi nikavuta. Kitanda kikashuka. Alinyooka, akashika kiuno, akaangalia meza zangu.

"Mwanangu, hizi ni za nini?"

"Za kitanda."

"Kitanda cha nani?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia kwa heshima, lakini alipoondoka nilikaa sakafuni nikiziangalia. Zilisimama kila upande kama askari wawili wanaolinda mgonjwa. Nililala, nikanyoosha mkono kutafuta daftari, nikagusa hewa, kisha ubavu wa meza. Na dada alikuwa anafika kesho yake.

Alishuka kwenye bajaji amevaa suruali na harufu ya manukato nisiyoijua. Amenenepa kidogo, amekuwa mzuri. Tulikumbatiana, na mimi maneno yote niliyoyapanga yakapotea, nikasema, "Umepita njia ya Mikumi, au?" Swali la kijinga, Kidatu na Mikumi wapi na wapi ukiwa unakuja huku.

"Nimepita angani," akasema. "Niache niingie."

Alipofungua mlango wa chumba alisimama kizingitini. Akaziangalia kuta, pazia, kitanda kilichokaa katikati. Halafu akaziona meza.

"We mtoto. Hii ni kaunta ya baa?"

"Nilipima kitanda kikiwa juu ya matofali."

Alijitupa kitandani kifudifudi, miguu inapigapiga. "Juu ya matofali! Mama anajua? Baba anajua?" Alicheka kile kicheko chake chenye mikoromo, na safari hii nikacheka kweli. Ilikuwa mara ya kwanza chumba kile cha bluu kusikia vicheko viwili vya kweli.

Tulipika wali na perege, tukala kwenye sufuria moja. Aliniambia habari za mgahawani, za mteja anayekula chapati sita na kusema hana njaa. Tulipokwenda kulala, alivua hereni, akainua mkono juu, akazitumbukiza kwenye ile droo ya kushoto pamoja na simu yake. Sikumwambia kwamba ni yake. Alijua mwenyewe. Nililala nimegeukia upande wake, nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Kabla hatujasinzia akasema, "Nimepanga chumba."

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Kidogo, lakini changu. Nalipa mwenyewe. Kwa hiyo mdogo wangu, mimi nitakuwa nakuja kuwaona, lakini kurudi kukaa, hapana."

"Hata likizo?"

"Likizo nitakuja. Mbona unaniuliza kwa sauti ya msiba?"

Nilitaka kumwambia kila kitu, bata, kamba, kwa nini zilikuwa mbili. Nilichoweza kusema ni, "Kuna droo."

"Nimeiona," akasema taratibu. Alininyooshea mguu akanikanyaga. "Samahani mheshimiwa."

Asubuhi alilifungua tranka, akatoa sketi za shule, akanipa. Vingine akavifunga tena. Akachukua hereni na simu kutoka kwenye droo, akaisukuma kwa kiuno ikafungika. Nilisimama mlangoni nimeshika kikombe cha chai, sinywi. Nikamwona ameshika kile kitambaa cha meza ya kushoto, anakigeuza.

"Umefuma mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Hiki nakichukua. Kule kwangu nina godoro na ndoo tu, hakuna hata kitu cha kuangalia." Hakuomba. Alikikunja, akakiweka juu kabisa ndani ya tranka, akafunga komeo.

Bajaji ilikuwa bado haijafika. Akazunguka kitanda, akapiga teke dogo mguu wa meza.

"Matofali yako wapi?"

"Stoo. Baba anataka kupangia mpunga."

"Mpunga umefika?"

"Bado."

"Basi twende."

Tuliyabeba, yeye na suruali yake nzuri, vumbi jekundu likamjaa mapajani. Aliinua kona moja moja, mimi nikasukuma matofali chini ya mguu. Alikuwa anahema na kunitukana: "Sukuma basi, we mvivu, mgongo wangu huu natafutia mume!" Tulipomaliza kitanda kilikuwa sawa na meza, na jua la kiangazi linapiga dirishani. Honi ikalia nje. Tranka tulilishika huku na huku mpaka kwenye bajaji. Hakugeuka, kwa sababu alikuwa analishikilia lisidondoke.

Trekta ilileta gunia siku iliyofuata. Nilizipanga juu ya mabanzi ya mbao niliyoyaokota kwa fundi wangu. Aliponiuliza kama meza zinalingana na kitanda, nikamjibu, kwa sauti kabisa, kwamba zinalingana.

Mama alirudi mavuno yalipoisha. Amekonda, visigino vimepasuka. Aliingia stoo akatoka.

"Matofali ya mpunga yako wapi?"

"Yako chini ya kitanda changu, mama."

"Kiangazi chote hiki? Unasubiri maji gani?"

Nilimpeleka chumbani. Aliangalia kitanda, akaangalia meza ya kulia yenye kitambaa, na ya kushoto isiyo na kitambaa. Aliangalia mahali lilipokuwa tranka, pamebaki alama nne za kutu sakafuni. Akapanda kitandani, ilibidi ajivute, akakaa, miguu yake haifiki chini. Nilidhani atasema kitu kuhusu mpunga.

"Baba yako asiingie humu," akasema, akaanza kuining'iniza miguu polepole.

Mama sasa analala chumbani kwake na baba, kama kawaida, na shule imefunguliwa. Mimi bado nalala juu, upande wa kulia. Meza ya kushoto sijaitandika kitambaa kingine. Uzi ninao.