Friji Lililotoka Mukendo

Kaka yangu alipopata friji jipya, lile bovu alilileta kwa baba. Nalisema wazi bila kupindisha, kwa sababu kwenye grupu la familia yeye alilisema vingine kabisa: "Mzee sasa dawa zake zitakaa salama." Ndugu wakamwaga pongezi na mikono ya sala mpaka simu ikapata moto. Mimi sikuandika kitu, nilikuwa sijaliona bado.

Baba anaumwa sukari na hujichoma insulini mwenyewe. Tangu mama atutoke ninaishi naye hapa Butiama. Dawa tulikuwa tunaiweka kwenye chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga tunaoumwagia maji ili dawa isipate joto. Nesi alikiona akasema si kibaya, ila friji lingekuwa bora. Baba akamwomba kaka, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Kaka anaishi Mukendo, Musoma mjini, ana biashara ya samaki na inamlisha vizuri.

Friji lilikuja juu ya kenta, mlango umezungushiwa selotepu. Baba alikuwa amevaa koti. Alikuwa ameita majirani, na katekista aje aliombee, na jogoo alishachinjwa, maana kwetu kitu kikubwa hakiingii ndani kimyakimya. Katekista alipomaliza sala nikakata selotepu, nikafungua.

Kichwa cha sangara kilikuwa kwenye droo ya mboga, kimelegea, kinatembea kwa funza. Maji meusi mazito yalitiririka mpaka kwenye viatu vya katekista, na uvundo ukatufuata hadi chini ya mgomba tulikokimbilia. Jirani mmoja alitapika palepale mlangoni. Baba akacheka kile kicheko cha kufunika aibu.

"Ni safari tu," akasema. "Lioshe, mama."

Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikaliosha. Nilitumia majivu, ndimu, sabuni ya unga, na bado mikono ilinuka mpaka nikawa nakula ugali kwa kijiko. Kwenye mpira wa mlango zilinasa nywele za watu na magamba ya sato. Nyuma, kwenye mashine, mende walikuwa wamejenga mji wao, na nilipopiga teke wakamiminika wakubwa kwa wadogo. Nilitema mate mpaka kinywa kikakauka. Ukimpa mbwa wako chakula si unasuuza sahani kwanza?

Lakini kilichonichefua zaidi hakikuwa na harufu. Nilipokwangua damu iliyokauka kwenye sehemu ya barafu, nilikuta tundu la kisu. Lilikuwa limezibwa kwa gundi ya chuma, na gundi yenyewe ilishapasuka. Mtu alichokonoa barafu kwa kisu akatoboa bomba la gesi, akajaribu kuziba, ikashindikana. Kwa hiyo walijua. Tulipolichomeka lilinguruma kama linafanya kazi ya maana, na ndani likawa na joto kuliko chumbani.

Nikamwita baba aje aone. Hata hakuinama.

"Limetikisika njiani," akasema.

"Baba, gundi hii haikupakwa njiani."

"Nimesema limetikisika. Kaka yako hawezagi kuniletea kitu kibovu."

Sikubishana naye tena. Nilijua chungu kipo na dawa imo, basi.

Haikupita muda baba akaanza kunywa maji bila kukata kiu, kila mara yuko njia ya chooni, miguu haina nguvu. Nikadhani anakula maandazi kwa jirani, nikamgombeza. Halafu nikafunua chungu nikakuta kitupu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye lile balaa. Chupa za insulini zilikuwa zimepangwa mlangoni vizuri, vuguvugu, zimeshika uvundo wa samaki.

"Nilitaka likuwe na kitu ndani," baba akasema, hanitazami. "Kaka yako akija akute linatumika. Mtoto akikupa kitu hukitupi pembeni."

Nikaita majirani. Tulimkimbiza hospitali Bunda, akalazwa, wakamwekea dripu. Siku mbaya zaidi alikuwa akiniita kwa jina la marehemu mama yangu. Nilikaa pembeni ya kitanda nikimwaza kaka na friji lake jipya.

Baba alipopata nafuu tukarudi nyumbani, na kaka akaja kumpa pole. Alikuja na pikapu, mikate, kreti ya soda, na shati lililonyooshwa. Alisimulia ugumu wa biashara. Friji liko mbele yake, linanguruma, na hakuligeuzia hata jicho.

Asubuhi ile nilikuwa nimeweka jagi la maji humo, makusudi kabisa. Nikamimina glasi ikajaa.

"Karibu maji ya friji, kaka."

Harufu ilinifikia mimi niliyeibeba kwa mkono ulionyooshwa. Kaka akaitazama glasi, akanitazama, kisha akamtazama baba. Baba alikuwa amejisogeza mbele kwenye kiti. Hospitali alishaelezwa kila kitu kuhusu dawa iliyopata joto, na tangu siku hiyo hakutamka tena kwamba friji lilitikisika.

"Yamepoa?" akauliza.

Alimuuliza kwa upole, nami nikaona anamfungulia mlango. Ilikuwa ni kusema tu, baba nisamehe, lilikuwa bovu. Kaka akanywa nusu glasi. Koo lilipanda na kushuka, macho yakamlenga machozi.

"Ya baridi kabisa, Mzee. Yanauma mpaka meno."

Baba akanyoosha mkono, akaichukua ile glasi, akaibandika shavuni. Akakaa nayo hivyo kidogo. Kisha akaiweka mezani.

"Mwanangu, pikapu yako ina nafasi huko nyuma?"

"Ipo tele, Mzee," kaka akajibu akitabasamu, nadhani alifikiri anapewa gunia la mahindi ya kwenda nayo mjini.

"Basi lipakie," baba akasema. "Ukawekee dawa ya watoto wako."