Mtaalamu wa Ndoa Mseto Kutoka Magarama

Halmashauri ya walei ya parokia yetu ilinichagua kwenda Muyinga kwa sifa moja tu: binti yangu Spès ameolewa na Mwislamu huko, na mimi sikuwa nimemsemesha kwa miaka mitatu. Kulikuwa na semina ya mafundisho ya imani kwa watu wazima, mada ikiwa ndoa mseto katika dunia ya leo, na kila parokia ilitakiwa kupeleka mtu mwenye uzoefu. Mama mwenyekiti aliniangalia kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata nilipokuwa nalea watoto.

"Baba Spès," alisema, "mambo haya wewe ndiye unayeyaelewa."

Niseme pia kwamba ndoa yenyewe ilifungwa kanisani, kwa ruhusa ya askofu. Askofu aliridhika, paroko aliridhika, wazazi wa kijana waliridhika. Mimi nilikataa na sikuhudhuria. Nadhani nilikuwa na cheo ambacho Kanisa bado halijakiandika popote.

Ijumaa asubuhi, Magarama. Mke wangu alinipigia pasi shati la Misa, nikatembea hadi parokiani. Pikapu ya parokia ilikuwa imepata mafuta yaliyotafutwa wiki nzima. Mbele alikaa mtoa mada, msomi kutoka Bujumbura ambaye sote tulimwita Daktari, kompyuta yake ameipakata kama mtoto mwenye homa. Mimi, mwenye uzoefu, nilipewa nafasi nyuma pamoja na viti vya plastiki.

Saa nne tulisimama Buhiga kula mishikaki. Daktari alitaka kunifahamu.

"Mzee, uzoefu wako ni upi hasa?"

"Nimemnyima binti yangu salamu miaka mitatu."

"Vizuri sana," alisema, akaandika. "Huo ni ushuhuda. Kesho nitakupa dakika tano."

Sijawahi kusifiwa haraka namna ile.

Muyinga tulifika saa nane. Nyumba ya mapadre ilikuwa imejaa, kwa hiyo wageni tuligawiwa kwa familia. Katekista, mama mmoja mwenye karatasi mkononi, alinipeleka mtaani hadi kwenye kibaraza chenye vyerehani viwili. Mzee mwenye kofia ya kufuma alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mi ni Ramadhani, baba ya Issa," alisema. "Niliona jina yako kwa liste, nikawaambia: huyu mutu ni ya kwangu, musimupeleke fasi ingine."

Issa ndilo jina la mkwe wangu. Nilimtafuta katekista nyuma yangu. Alikuwa ameshaondoka, tena kwa mwendo wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

"Ingia, baba," Mzee Ramadhani alisema. "We iko na njaa. Mambo ingine itangoja."

Issa alileta maji ya kunawa bila kuniangalia usoni. Kisha Spès akatoka jikoni na sahani ya wali na maharage. Alikuwa amenenepa kidogo. Rozari ilikuwa shingoni, ileile ya Kipaimara. Nilikuwa nimewaambia watu wote wa Magarama kwamba ameiacha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Chakula hakina chumvi nyingi. Mama alisema ulikatazwa."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya kwanza baada ya miaka mitatu: chumvi. Nilikula. Mzee Ramadhani alinieleza bei ya vitambaa kwa urefu, na sijawahi kumshukuru mtu kwa habari za vitambaa kama nilivyomshukuru yeye.

Jumamosi, ukumbi wa parokia. Daktari alionyesha ukutani hatari kumi na moja za ndoa mseto, kila moja na rangi yake. Alizungumza vizuri. Tulikuwa watu kama mia, na alipouliza ni nani kati yetu anaishi katika ndoa ya namna hiyo, haukunyanyuka mkono hata mmoja. Niligeuka dirishani, nikaelewa kwa nini. Wanawake waliokuwa wanaishi katika ndoa hizo walikuwa uani, wanatumenyea ndizi. Spès alikuwa katikati yao na kisu.

Daktari akaniita. Nilishika maikrofoni, nikasema niliyoyaandika: imani, malezi, mila. Halafu mwanamume mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Mzee, katika nyumba ya binti yako wewe uliona ubaya gani?"

Nilitafuta ubaya. Nilimpitia Ramadhani, nikampitia Issa, nikaipitia ile rozari.

"Sikuona," nilisema. "Nilikuwa sijafika. Niliogopa watu wa Magarama watanicheka, nikasema ni kwa ajili ya Mungu. Binti yangu hajanikosea. Mimi ndiye niliyemkosea."

Daktari alinishukuru kwa mchango, akaendelea na hatari ya tisa.

Saa saba nilipanga foleni ya chakula. Anayegawa nyama alikuwa Spès.

"Tumekusikia," alisema.

"Mmenisikia wapi?"

"Spika ya pili iko jikoni." Alitia kipande kimoja sahanini. "Wenzangu wamesema nikuongezee. Nimewaambia upate sawa na wengine."

"Ni haki."

Alinitazama, macho mekundu, labda kwa moshi. "Rudi wakibaki wachache," alisema. "Nitaona."

Nilirudi. Nilipata mfupa, lakini wenye nyama.

Jumapili tulikwenda Misa pamoja, mimi na Spès. Mzee Ramadhani alitusindikiza hadi getini, akamkabidhi kwangu kama mtu anayerudisha kitu alichokitunza. "Muniombee na mimi," alisema, akaenda zake. Baada ya Misa nilipanda pikapu. Njia nzima Daktari alilala na kompyuta yake.

Magarama tulifika jioni. Mama mwenyekiti alinisubiri nje ya kanisa, akataka maazimio. Nilimwambia semina ijayo wapishi wakae ukumbini, sisi wataalamu tumenye ndizi. Aliandika "mada imeeleweka".

Nyumbani nilimkalisha mke wangu nimweleze yote kwa utaratibu. Nilipofika kwenye foleni ya nyama alinimalizia mwenyewe, mpaka na mfupa. Spès alikuwa amempigia simu, kama alivyompigia kila wiki kwa miaka yote mitatu. Nilichojifunza safarini ni hiki: mgomo niliodhani ni wa nyumba nzima, nilikuwa naufanya peke yangu.

Nikamuuliza kama tunaweza kuwaalika Spès na wakwe zetu waje kula kwetu.

"Wanakuja Jumapili ya pili," alisema. "Tulishapanga tangu mwezi uliopita. Ulikuwa umebaki wewe tu kuambiwa."