Ngome Haipigiwi Hodi

Msusi alikuwa amemsuka wifi yake nusu kichwa pale bwana mmoja wa kampeni alipobandika picha ya mgombea urais kwenye mlango wa saluni bila hata kupiga hodi.

"Nani kakuruhusu?" msusi akafoka.

"Ah, dada, mtaa huu ni ngome yetu! Mheshimiwa hata hana haja ya kuja. Yuko ng'ambo ya mto, kule wasikomtaka. Kawaahidi maji."

Maji! Damu ikamchemka. Tangu aanze kupiga kura, mgombea wake ni huyohuyo. Kwa ajili yake alishanuniana mpaka na mumewe. Na hapa bomba limekauka, wateja wanakuja na ndoo zao za kuoshea nywele. Kumbe uaminifu wake ndio uliomponza!

"Sasa hasira za nini?" bwana yule akacheka. "Utampigia nani, yule mwingine?"

Yule mwingine msusi hataki hata kumsikia. Akakaza msuko mpaka wifi akapiga yowe.

"Sipigi kura! Siku hiyo nafungua mapema, nasuka mpaka jioni."

"Basi kichwa cha kwanza changu," wifi akasema, machozi yakimlengalenga.

Benchini, wateja wakaanza kugombea nafasi ya pili.