Chuchu za Baba

Juzi, nyumbani Magomeni, nilimkuta mdogo wangu Saidi kifua wazi, amembeba binti yake mchanga, na mtoto anageuza kichwa kutafuta ziwa. Nikacheka, maana Saidi naye aliwahi kufanya hivyohivyo alipokuwa bado ananyonya.

Siku hiyo Mama alikuwa amekwenda msibani Nanyamba na gari la kurudi lilichelewa. Saidi alilia kwa njaa, uji akautema. Baba alizunguka naye uani, ananuka moshi wa korosho alizokuwa akichoma.

"Si umnyonyeshe, Baba? Mbona na wewe chuchu unazo?"

"Zangu hazina kitu, mwanangu."

"Umejaribu?"

Niliamini anamnyima makusudi. Leo najua kwamba tumboni sote huanza na umbo moja, na chuchu hujitokeza kabla mwili haujashika njia ya kike au ya kiume. Siku ile sikujua, wala yeye hakujua.

Baba alichungulia barabarani. Hakuna gari. Akaketi kwenye kibaraza, akamsogeza Saidi kifuani. Mtoto akanyonya, akatulia kidogo, kisha akalia kwa hasira zaidi.

"Umeona? Nimejaribu," Baba akasema taratibu, kama mtu aliyekuwa ametumaini.