Binti Yangu Aliniambia Yuko Kwenye Theluji

Adhana ya adhuhuri siku ile iliingia chumbani kwangu mara mbili.

Mara ya kwanza kupitia dirishani, kama siku zote. Mara ya pili kupitia kwenye simu, nyuma kidogo ya ile ya kwanza. Na kwenye simu nilikuwa naongea na binti yangu Nasreen, ambaye aliniambia yuko Uturuki, kwenye theluji.

Nikaibana simu sikioni.

"Mama, upo?"

"Nipo. Hiyo adhana ya wapi?"

"Ya huku huku. Misikiti imejaa huku, mama."

Ni kweli, Uturuki misikiti ipo. Mtu mwingine angekubali yakaisha. Lakini muadhini wetu hapa mtaa wa Gerezani, Kariakoo, ni mzee Safari, na mzee Safari ana kifua. Akifika kwenye "hayya alal falah" lazima akohoe, ndiyo aendelee. Nimemsikiliza tangu nimeolewa mtaa huu.

Mzee Safari akakohoa. Simu nayo ikakohoa.

Ngoja niwaeleze ilivyoanza.

Mimi ni mjane. Mume wangu alifariki mwezi wa tisa, nikaingia eda. Kwa asiyejua, mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Wifi yangu Sitara akahamia kwangu kunilinda. Nasema kunilinda maana hata nikisogea mlangoni anauliza naenda wapi.

Nasreen ni mwanangu wa pekee. Kaolewa na Abdulswamad, kijana wa hapa hapa Kariakoo, anauza vifaa vya simu. Wanakaa mtaa wa nyuma yangu, ghorofa ya juu kabisa, chini yao ni stoo za wafanyabiashara tu, hakai mtu.

Ndoto yao ilikuwa kusafiri. Si kwenda kusalimia ndugu, hapana. Kubeba begi mgongoni kama Wazungu, kupanda mabasi mji hadi mji, kulala vyumba vya bei poa. Tiketi za Disemba walishakata kabla baba yake hajafa.

"Mama, nisiende," Nasreen aliniambia.

"Nenda. Shangazi yako yupo. Kukaa ndani hakuna kazi ya kusaidiwa."

Makoti walitafutiwa na mpangaji wangu Klara, dada wa Masasi anayeuza mitumba Mchikichini. Akawavalisha uani kwangu, na joto lile la Disemba, jasho linamchuruzika Abdulswamad.

"Shemeji umekuwa friji," Klara akasema. "Simama hapo tukufungue tuchukue maji ya baridi."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu msiba.

Wakaondoka. Picha zikaanza kuja. Nasreen kasimama kwenye theluji. Abdulswamad na begi limempita kichwa. Chai kwenye vigilasi. Paka amelala msikitini.

Baada ya wiki mbili hivi nikaanza kuona kitu. Nasreen alipasuka mdomo kwa baridi. Leo kwenye picha mdomo umepasuka, kesho mzima, kesho kutwa umepasuka tena pale pale.

Nikamwonyesha Sitara.

"Wifi, picha ni picha. Unataka akutumie na risiti?"

Ndiyo ikaja ile adhana.

"Nasreen," nikamwambia, "uko wapi?"

Simu ikakatwa. Nikapiga, haikupokelewa. Nikampigia Abdulswamad kwa video. Akapokea, nyuma yake weupe mtupu, pumzi inamtoka kama moshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipe Nasreen."

Akatazama pembeni.

"Amelala, mama."

"Mchana huu?"

"Mtandao unasumbua, mama." Akakata.

Sasa nifikirieni mwenzenu. Mume yuko kwenye theluji, mke anasikia adhana ya mtaani kwangu. Kafikaje? Kafanywa nini? Nikavuta baibui langu.

Sitara kasimama mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Mwanao yuko Uturuki. Wifi, msiba umekuzidi. Unataka watu waseme mjane katoka eda kwa sababu kasikia kikohozi kwenye simu?"

"Ni dharura."

"Nani mgonjwa? Nani kafa?"

Kitu chenyewe nilikuwa nakijua mwilini tu, siwezi kumwonyesha mtu. Nikavua baibui, nikakaa kitandani. Kutoka dirishani kwangu naona kona ya ghorofa lao. Madirisha yao siyaoni.

Klara aliporudi kutoka sokoni nikamtuma. Nilimsindikiza kwa salawati, kumsalia Mtume njia nzima, kwenda na kurudi, na Klara ni Mkristo.

Akarudi bila utani wowote.

"Yupo, mama."

"Mzima?"

"Mzima. Hakufungua, tumeongea mlango ukiwa katikati. Kasema nikwambie hawezi kuja. Yuko eda."

"Eda ya nani? Mumewe nimeongea naye leo."

Klara akainama.

"Kaachwa, mama."

Usiku ule Nasreen alipokea simu. Akanieleza yote kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Wao wakiwa huko, mimi presha ilipanda nikaanguka bafuni. Nilikataza asiambiwe. Sitara kwa hofu yake akamtumia ujumbe wa sauti, analia. Nasreen akataka kurudi. Abdulswamad akasema safari ndiyo kwanza iko katikati, mama ana watu wa kumwangalia. Wakabishana kwenye chumba cha kulala wageni, wageni wengine wanasikiliza, hawaelewi. Mwisho mume akatamka:

"Ukipanda ndege, nimekuacha."

"Na wewe ukapanda?" nikamuuliza.

"Nilipanda, mama. Nilijua unakufa."

Maneno yale kwetu si mchezo. Alivyopanda, talaka moja imepita. Alipotua Dar akampigia shehe, shehe akamthibitishia. Akae eda nyumbani kwa mumewe. Mume akitaka kumrejea kabla eda haijaisha, neno moja linatosha.

Kwa hiyo mwanangu alirudi kwa ajili yangu, akafika mtaa wa nyuma, akafunga mapazia. Akakaa ndani kama alivyoniona mimi mama yake nakaa. Akala wali na dagaa alizoacha kabatini, akawa ananitumia picha za zamani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mama? Kwamba nimeachika kwa sababu yako? Na presha hiyo?"

Nikamwambia alale.

Nikampigia Abdulswamad. Sikumgombeza. Nilimbembeleza, mimi mama mkwe wake.

"Mwanangu, mrejee. Ni neno moja."

"Nilisema kwa hasira, mama. Lakini yeye ndiye aliyechagua."

"Alichagua kumuuguza mama yake."

"Ndiyo hivyo, mama."

Ningefanya nini? Neno lile haliazimwi. Siwezi kulisema mimi, hawezi kulisema Nasreen, hata shehe hawezi. Liko mdomoni kwa mtu mmoja, na mtu huyo anapanda mabasi huko kwenye barafu.

Tukawa tunapika, Klara anapeleka.

"Mama kafungwa huku, mtoto kafungwa kule," akasema siku moja kabeba hotpoti. "Na askari wa zamu ndiyo mimi, Mkristo."

Sitara alicheka. Halafu akaingia jikoni, nikamsikia anapenga kamasi. Ule ujumbe wa sauti haujawahi kumtoka.

Eda yangu iliisha mwisho wa Januari. Nilioga, nikavaa, nikaenda kwa mwanangu moja kwa moja, ngazi zote zile na magoti haya. Akafungua. Kakonda. Lakini kapaka wanja, nywele kasuka, kavaa dera zuri.

Eda yake si kama yangu, ni hedhi tatu tu. Aliyeachwa talaka ya kurejewa anaruhusiwa kujipamba kwa ajili ya mumewe.

"Kila siku napaka," akasema. "Huenda akaingia leo."

Nilikuwa kwake siku ile funguo ilipozunguka mlangoni. Abdulswamad, begi mgongoni, ngozi ya pua imembanduka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Nasreen akasimama katikati ya sebule. Mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo, Mola wangu mlainishe, mlainishe.

Akapita chumbani. Tukasikia kabati. Akatoka na begi lile lile, safari hii lina nguo safi.

"Nitakuwa Buguruni kwa kaka," akasema, "mpaka muda wake uishe."

"Abdulswamad," nikasema. "Neno moja, mwanangu."

Akamtazama mkewe kwa muda. Nikaona midomo inacheza. Wallahi nilidhani linakuja.

"Wanja umekupendeza," akasema.

Akafunga mlango taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Eda ya Nasreen iliisha siku chache kabla ya Ramadhani. Lile neno halikuja. Tulimhamishia kwangu na virago vyake mchana kweupe, Klara mbele na godoro kichwani.

Nawaandikia hili mabinti mlioolewa. Mama akikuuliza hali, mwambie ilivyo. Usipime presha yake wewe. Sisi tumezika waume na bado tunaamka kusali alfajiri, habari mbaya hatushindwi kuibeba. Tunachoshindwa ni kutumiwa picha nzuri.

Na wewe kijana wa kiume, talaka ikikupanda mdomoni, kaa chini, kunywa maji, nenda katawadhe. Ukishaitamka, kuna watu watabaki wanakutazama mdomo, na hakuna wanachoweza kufanya.